Karani wa Forodha na Nchi ya Kusadikika

Wahakiki wetu hupenda kuuliza Shaaban Robert alisoma nini. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani; basi, mara tunakimbilia Laputa ya Jonathan Swift (1726) na mjadala unafungwa. Eti fikra hutoka kitabuni kuingia kitabuni tu!

Mimi nataka tuulize pia alishinda wapi mchana. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Ofisi nyingine zikafuata. Karani hupokea maneno ya wengine, huyanakili, huyatia jaladani. Kuamua si kazi yake. Sasa itazameni kesi ya Karama. Ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mapendekezo ya kuijenga nchi, wakatupwa gerezani. Hadi Karama anasimama barazani, mapendekezo yamelala tu. Nchi ya angani mtu aweza kuiokota kwa Swift. Lakini ripoti sita zilizozikwa? Hizo, nadhani, azijua zaidi mtu wa majalada.

Sisemi vitabu havikumjenga. Ngano na tenzi za pwani zimejaa tele katika lugha yake. Ila semina zetu humsoma kana kwamba hakuwa na mshahara wala bosi. Na bosi mwenyewe, jamani, ndiye aliyekuwa mtawala. Huenda ndiyo sababu nchi ile ikawekwa angani, mbali na macho ya bwana shauri.