Msumeno wa meza wa zamani: mambo ya kukagua kabla ya kuununua na kuufufua

Misumeno ya meza iliyoundwa Uingereza na Marekani katikati ya karne ya 20 bado inatafutwa na wenye karakana za useremala. Majina yanayotajwa sana ni Wadkin ya Leicester na Unisaw ya Delta, iliyoanza kuuzwa mwaka 1939. Sababu ni uzito: meza ya chuma cha kusubu haitetemeki ovyo, na mninga au mvule hutoka na ukingo laini.

Mnunuzi aanze na kile kisichotengenezeka kwa bei nafuu. Ufa kwenye meza au kwenye chuma kinachobeba shafti ni sababu tosha ya kuiacha mashine. Kutu ya juujuu haina neno. Huondolewa kwa mafuta ya taa na msasa, kisha meza hupakwa nta. Beringi zinazovuma hubadilishwa, na namba zake kwa kawaida zimechorwa ubavuni. Mashine yenye mikanda mitatu ibadilishiwe yote kwa pamoja, la sivyo mpya itabeba mzigo wa ile iliyolegea.

Wengi huumia kwenye umeme. Marekani hutumia 60 Hz, Afrika Mashariki 50 Hz. Mota iliyoandikwa mizunguko 3,450 kwa dakika huku itazunguka takriban 2,875, na diski itapoteza sehemu moja ya sita ya kasi yake. Pulii kubwa zaidi kwenye mota, tuseme ya milimita 120 badala ya 100, hurudisha kasi, lakini haiondoi joto linaloongezeka mota ikipewa volti ileile kwa 50 Hz. Mara nyingi ni nafuu kufunga mota nyingine.

Mota za Uingereza ni za 50 Hz, ila nyingi ni za fazi tatu. Mwenye fazi moja anaweza kutumia inveta, lakini inveta ya kawaida ya 240 V hutoa fazi tatu za 240 V, si 415 V. Kwa hiyo afungue kisanduku cha nyaya kabla ya kulipa: ncha sita, pamoja na kibao kinachosomeka 240/415, ni habari njema. Zikiwa tatu tu, huenda fundi wa kusuka mota akalazimika kutafuta kiungo ndani ya koili.

Mashine nyingi zimepoteza kile kisu kinachosimama nyuma ya diski ili mbao isibane na kumrukia fundi. Kingine kikichongwa, kiwe kinene kuliko sahani ya diski na chembamba kuliko upana wa meno. Swichi nayo iwe ile inayojifungua umeme ukikatika. Ya zamani isiyo na kinga hiyo huweza kuiwasha mashine yenyewe umeme unaporudi, mkono wa fundi ukiwa juu ya meza.

Kwenye forodha, misumeno ya mbao ya aina hii huingia chini ya kichwa cha ushuru namba 8465. Wakala aelezwe mapema kuwa mashine imetumika.