Ugandishaji wa Majani ya Kiungo

Ukipita mitaa ya Dunda, Bagamoyo mjini, utaona vibao vilivyoandikwa kwa mkono kwenye milango ya nyumba: "Barafu zinauzwa hapa." Hizo ni barafu za ubuyu, za ukwaju, za maziwa, na nyingine ni maji matupu ya kutuliza kiu ya mchana. Ukishuka pwani kwenye soko la samaki, barafu ni kitu kingine: mabonge yanayopondwa na kumwagwa juu ya changu na kolekole ili wafike Dar es Salaam bila kuoza. Na ndani ya nyumba zilezile zenye vibao, mama akimwambia binti yake "kaweke kwenye friji", binti lazima aulize: kipoe tu, au kigande?

Kwa maji ya kunywa swali hilo halina uzito. Kwa fungu la kotimiri (giligilani) au tawi la mrehani lina uzito mkubwa, maana jani lililopozwa na jani lililogandishwa ni vitu viwili, vinaharibika kwa njia mbili, na vinaokolewa kwa njia mbili. Ndiyo sababu istilahi ya ugandishaji inastahili kufafanuliwa kwa utulivu, hasa sasa ambapo friza iliyonunuliwa kwa ajili ya biashara ya barafu inalala karibu na bustani ndogo ya ndoo na makopo.

Ugandishaji ni kushusha joto la chakula mpaka sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani yake igeuke barafu, kisha kukiacha katika hali hiyo. Kipimo cha friza ya nyumbani kinachokubalika ni nyuzi 18 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Sehemu ya kawaida ya friji huwa karibu nyuzi 4 juu ya sifuri. Humo chakula kinapoa, hakigandi. Kwa kazi ya huko tuna kitenzi kupoza, na maji yakizidi kupoa tunasema yamezizima. Anayeandika maelekezo ya jikoni asiseme "hifadhi kwenye baridi" akadhani amesema jambo.

Kitenzi chenyewe, kuganda, ni cha Kibantu na hakikusubiri friza. Maziwa yanaganda, damu inaganda, uji ukiachwa unaganda juu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za Julai hapa pwani chupa iliyolala dirishani hukutwa imekuwa nyeupe na ngumu. Siku hizi hata simu inaganda. Katika matumizi yote hayo maana ya msingi ni moja: kilichokuwa kikienda kimesimama. Barafu si sharti. Neno barafu lilikuja baadaye kutoka Kiajemi, ambako barf ni theluji, na theluji yenyewe tumeipata kwa Waarabu. Upana huo wa kuganda unamfanya mwandishi makini aseme mara ya kwanza "kugandisha kwenye friza", na akishaeleweka aendelee na "kugandisha" peke yake.

Wapo wanaopendelea kusema "kufrizi". Sioni sababu. Mzizi wetu unazaa majina matatu, na kila moja lina kazi yake. Ugandishaji ni kitendo cha mtu: kuchuma, kuosha, kufunga, kutia kwenye friza. Ugandaji ni kinachotokea chenyewe ndani ya jani wakati joto linashuka. Mgando ni hali inayobaki baada ya hapo. Neno la mkopo litatupa jina moja kwa mambo yote matatu, na mpishi atapoteza mahali hasa ambapo majani yake yanaharibikia. Yanaharibikia kwenye ugandaji.

Chukua jani la mrehani. Liko laini, jembamba, limejaa maji, na maji hayo yamefungwa katika seli ndogondogo zenye kuta. Si maji safi: yana sukari na chumvichumvi, kwa hiyo hayagandi kwenye sifuri kamili bali chini yake kidogo, kama maji ya bahari ambayo hungoja hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takribani asilimia 9. Joto likishuka polepole, chembe za barafu hupata nafasi ya kukua kubwa, zikabana na kutoboa kuta za seli. Ukilitoa jani hilo na kuliacha lipate joto, maji yanatoka, kuta hazisimami tena, na jani linalala kwenye kidole kama karatasi iliyolowa. Baada ya muda mfupi linakuwa jeusi. Weusi huo hauletwi na baridi peke yake. Seli zikishapasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na kemikali nyingine za jani pamoja na hewa, na kazi hiyo ndiyo inayotia rangi, sawa na ndizi au biringanya iliyokatwa. Kwenye friza vimeng'enya hupunguza mwendo; havifi.

Hapa ndipo istilahi inapohitaji kivumishi chake: ugandishaji wa haraka. Mmarekani Clarence Birdseye alikaa Labrador, Kanada, kati ya miaka 1912 na 1915, akaona samaki wa Wainuiti wakiganda mara tu walipotolewa majini kwenye upepo mkali wa baridi, na miezi kadhaa baadaye wakipikwa wakiwa na ladha ya samaki mbichi. Alielewa kwamba siri ilikuwa mwendo: barafu iliyoganda kwa ghafla huwa na chembe ndogo, na chembe ndogo hazirarui sana. Tarehe 6 Machi 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa madukani huko Springfield, Massachusetts.

Friza ya nyumbani Dunda haina nguvu ya kiwanda, na mara nyingi inafunguliwa kila dakika kumi kwa sababu mtoto wa jirani anataka barafu ya ukwaju. Hata hivyo mwendo wa ugandaji unaweza kusaidiwa. Majani yaoshwe kwa maji safi, maana friza hailitibu jani lililooshwa kwa maji machafu. Vijidudu vingi hulala tu humo, vikaamka joto likirudi. Yakaushwe kwa kitambaa mpaka yasiwe na tone. Yatandazwe kwenye sinia ya bati, safu moja, yasilaliane, na sinia ilazwe mahali penye baridi kali kuliko pengine ndani ya friza. Yakishakuwa magumu ya kuvunjika yakusanywe, yatiwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na hewa ibaki kidogo iwezekanavyo. Mfuniko hapa si wa mapambo. Friza ya Bagamoyo ina samaki, na mafuta ya mrehani au ya nanaa hupokea harufu ya papa upesi sana.

Mrehani unadai hatua moja zaidi, na hatua hiyo nayo ina tatizo la jina. Ili kuvizima vimeng'enya, jani hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 5 hadi 10 tu, likaopolewa na kuzamishwa papo hapo kwenye maji yenye barafu. Maelekezo mengi ya kukausha na kusindika mboga huiita hatua hii "kuchemsha kidogo". Jina hilo linapotosha: anayeambiwa achemshe atasubiri maji yachemke tena juu ya majani, na hapo harufu yote imekwenda na mvuke. Wapishi wetu wana namna yao ya kusema, na ni sahihi kuliko ya vitabuni: "yapitishe kwenye maji ya moto." Kupita si kukaa. Ningependa walioandaa istilahi za lishe na usindikaji walichukue hilo, kupitisha majimoto, na nomino yake upitishaji majimoto, likae kwenye orodha moja na ukaushaji na ugandishaji.

Kotimiri hauhitaji majimoto. Huo ukatwe mwembamba, ujazwe kwenye vikombe vya trei ya barafu, umwagiwe maji au mafuta ya kula mpaka majani yafunikwe, na trei iingie kwenye friza. Maji au mafuta huzuia hewa isilifikie jani. Kipande kimoja kinatosha sufuria ya familia. Wa mafuta una sharti lake: usiachwe mezani wala kabatini, kwa sababu jani mbichi lililozama kwenye mafuta katika joto la kawaida ni mahali panapoweza kuotesha bakteria Clostridium botulinum, ambaye sumu yake inaua. Ubaki kwenye friza mpaka saa ya kupika. Nanaa inapendeza ikigandishwa kwenye maji matupu, kwa ajili ya chai au juisi ya ndimu. Mchaichai ni mgumu wa asili, una nyuzi. Kata mashina vipande, funga, tia. Hauna cha kupoteza.

Mtu atauliza kwa nini tusikaushe tu, kama ng'onda. Kwa mchaichai na kwa mdalasini jibu ni kwamba kukausha kunafaa sana. Kwa kotimiri hakufai. Harufu ya kotimiri mbichi inatokana na kemikali nyepesi za kundi la aldihaidi, ambazo hupaa pamoja na maji jani linapokauka. Kinachobaki ni kijani chenye harufu ya majani ya ng'ombe. Bagamoyo ina historia ndefu ya majani yaliyokaushwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka 1868, wakawa na bustani na mashamba makubwa, na mmoja wao, Padre Charles Sacleux, alikusanya mimea ya pwani hii akaikausha na kuibana kwenye karatasi kwa ajili ya wanasayansi wa Paris. Jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, ina jina lake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939 inataja mimea mingi kwa jina la wenyeji pamoja na jina la kisayansi, na mpaka leo mtu wa istilahi akitafuta jina la mmea wa Mrima, yaani pwani hii, huanzia humo. Mmea uliokaushwa hivyo unatunza umbo na jina kwa karne nzima. Harufu ya mchuzi hautunzi, wala haikuwa kazi yake.

Jina lingine linalosumbua ni la majani yenyewe. Wengi wakitafsiri huandika "mitishamba", na msomaji anafikiri dawa, kwa sababu katika Kiswahili cha Tanzania mitishamba ni ya mganga. "Viungo" peke yake huleta karafuu, hiliki na bizari, yaani vitu vikavu vya gunia. Nimeshikamana na "majani ya kiungo": yanatofautiana na mboga za majani, ambazo ndizo chakula chenyewe, na yanatofautiana na viungo vya mbegu na magome. Hata hivyo kila eneo lina majina yake na hakuna haja ya kuyafuta. Neno kotimiri tulilipata kwa Wagujarati. Dar es Salaam wengi husema giligilani, na Kenya ni dania. Mwandishi ataje mawili mara ya kwanza, kisha achague moja.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushika baridi yake kwa muda wa siku 2 hivi. Iliyojaa nusu, siku 1. Hapo wauza barafu wana faida, kwa sababu friza zao hujaa. Majani yakishalainika kabisa na umeme ukarudi, yataganda tena, polepole, kwa chembe kubwa, na kuta zilizobaki nazo zitapasuka. Huko ni kugandisha upya, na kwa majani membamba hakuna anachovuna mtu zaidi ya maji ya kijani. Ni afadhali yapikwe siku hiyohiyo kama bado yana baridi.

Kinyume cha kuganda ni kuyeyuka, na samaki wa barafu huachwa ayeyuke kabla ya kuparwa. Jani la kiungo halipaswi kuyeyushwa. Linatoka kwenye friza moja kwa moja hadi chunguni, likiwa bado gumu, baada ya tui zito kuingia na moto kupunguzwa, ili kuyeyuka na kuiva kwake kuwe jambo moja. Kwa sababu hiyohiyo halifai kachumbari, ambayo inataka jani linalosimama. Na kwa kuwa kotimiri, nanaa na mrehani vikishagandishwa vinafanana mno machoni, kopo liandikwe jina la jani, mwezi liliotiwa, na maneno haya: "Imegandishwa. Isiyeyushwe kabla ya kupika." Harufu yake itaendelea kuwa nzuri kwa miezi 6 hivi, muda wa kutosha kwa majani ya masika kufika kwenye vyungu vya kiangazi.