Unapobadili "Ufunguo" wa Waifai, Hasa Unabadili Nini?

Ukiigeuza ruta ya nyumbani, iwe ya faiba au ya laini ya simu, utakuta chini yake lebo ndogo. Juu ya lebo hiyo pameandikwa jina la mtandao, anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na mstari mmoja wa herufi na tarakimu zilizochanganywa. Mstari huo watengenezaji hawajakubaliana wauiteje. Wengine huuandikia neno la Kiingereza lenye maana ya nenosiri, wengine lenye maana ya ufunguo, na kompyuta ya Windows inapokutaka uandike herufi hizohizo huziita ufunguo wa usalama wa mtandao. Mfasiri akishika neno kwa neno atatuletea "ufunguo wa usalama wa mtandao usiotumia waya", tafsiri ambayo mwalimu wa sarufi hataitia wino mwekundu. Mimi naitia. Anachokiandika mwenye nyumba si ufunguo, ni nenosiri. Ufunguo upo, lakini ni kitu kingine, hutengenezwa na mashine, na mwenye nyumba hauoni hata siku moja. Anayevichanganya viwili hivi anaweza kubadili kitu kwenye ruta yake, akalala usingizi mnono, na kumbe mlango uko wazi kama jana.

Tuwatendee haki waliolianzisha jina hilo, kwa sababu wakati wao lilikuwa la kweli. Kanuni za kwanza za mtandao huu, zinazojulikana kwa namba 802.11, zilitolewa mwaka 1997 zikiwa na kinga iliyoitwa WEP. Katika WEP mtu aliandika herufi tano, au tarakimu kumi za mfumo wa kumi na sita, na hizo zilikuwa biti 40 ambazo mashine ilizichukua zilivyo, ikaziambatanisha na biti nyingine 24 zilizokuwa zikibadilika kwa kila kifurushi cha data, ikavurugia ujumbe. Hakukuwa na hatua ya katikati. Ulichokiandika ndicho kilichosimba, basi kukiita ufunguo kulikuwa sawa kabisa. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kwamba namna biti hizo zilivyoambatanishwa ilikuwa na ufa: aliyenasa vifurushi vya kutosha hewani angeweza kukokotoa ufunguo wenyewe bila kumuuliza mtu. WPA ikaja mwaka 2003 kuziba pengo, ikafuatwa na WPA2 mwaka 2004, na hapo ndipo kile anachoandika mtu na kile kinachosimba vikatengana. Lebo haikupata habari. Jina la enzi ya WEP lilihamia kwenye ruta mpya kama lilivyo, na sasa tunaombwa tulitafsiri.

Utengano huo una ushahidi ambao yeyote anayejua mahesabu ya WPA2 anaweza kuuthibitisha. Mtumiaji huandika herufi kuanzia 8 hadi 63. Ruta haizitumii moja kwa moja. Huzichanganya na jina la mtandao, hurudia hesabu hiyo mara 4,096, na mwisho hupata namba ya biti 256. Hiyo namba ndiyo ufunguo mama. Sasa chukua nyumba mbili, moja Tanga na nyingine Mombasa, zote zimechagua nenosiri "karafuu2020". Ya Tanga mtandao wake unaitwa Chumbageni, ya Mombasa unaitwa Kisauni. Nenosiri ni lilelile herufi kwa herufi, lakini funguo zao mama hazifanani hata kidogo, kwa kuwa jina la mtandao limeingia kwenye hesabu. Mwenye nyumba wa Tanga akiamua kubadili jina la mtandao tu, bila kugusa nenosiri, ufunguo umebadilika. Kama nenosiri lingekuwa ndilo ufunguo, jambo hili lisingewezekana. Na hadithi haiishii hapo. Kila simu inapojiunga, yenyewe na ruta hutupiana namba za kubahatisha, na kutokana na namba hizo, ufunguo mama na anwani za vifaa vyote viwili, hutengenezwa funguo za muda za simu ile pekee. Simu ya mama, simu ya mtoto na televisheni ya sebuleni zimeingia kwa nenosiri moja, lakini kila moja inazungumza na ruta kwa ufunguo wake. Simu ikitoka na kurudi, nyingine zinatengenezwa.

Kuna pia sababu iliyomo ndani ya Kiswahili chenyewe. Ufunguo wetu umezaliwa na kitenzi kufungua, haukuzaliwa na kufunga, na msikilizaji akilisikia anawaza kuingia. Ufunguo wa ruta unafanya kazi mbili: unasimba na unasimbua, unafunga maneno yanapoondoka na kuyafungua yanapofika. Tena ufunguo wa mlango ni kitu cha kushikika. Mgeni akiondoka unamdai, anauweka mezani, mambo yamekwisha. Nenosiri ulilomtajia haliwekwi mezani. Limebaki kwenye simu yake, na kama simu yake huhifadhi nakala za mipangilio, huenda limebaki hata kwenye simu atakayonunua mwakani. Ule mraba wa madoa meusi ambao simu za siku hizi huuonyesha ili mwingine auskani haulifichi pia: ndani yake kuna jina la mtandao na nenosiri, yameandikwa waziwazi, mbele yake herufi WPA. Aliyepiga picha mraba huo amepiga picha nenosiri. Kwa hiyo tunaposema "kubadili ufunguo wa waifai" tunamtia mtu picha ya kuchonga ufunguo wa ziada, ilhali kinachotokea ni kung'oa kitasa na kutia kipya. Ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi, vifaa vyote vinatupwa nje kwa pamoja: simu, printa, kamera ya getini, kila kimoja. Itabidi ukiendee kimoja kimoja, ukiambie kiusahau mtandao wa zamani, uandike upya. Watu wengi huahirisha kazi hii kwa sababu ya huo usumbufu wa nusu saa, na siwalaumu sana, ila wajue kwamba usumbufu huo ndio kazi yenyewe. Kama hakuna kifaa kilichotupwa nje, hukubadili kinga ya waifai. Ulibadili kitu kingine.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaosema tusijisumbue, watu wote wanasema "paswedi" na wanaelewana. Ni kweli wanasema, na mimi sina ugomvi na neno la mkopo lililokwisha kupata makazi. Tatizo la paswedi ni kwamba imebeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Ruta ina nenosiri la waifai, ambalo wageni huliomba. Ina nenosiri la msimamizi, la kuingilia kwenye ukurasa wa mipangilio, ambalo kiwandani mara nyingi huwa ni neno "admin" tu na ambalo mgeni hana sababu ya kulijua. Na ruta nyingi zina namba ya siri ya WPS, tarakimu nane, iliyowekwa ili kurahisisha kuunganisha vifaa. Fundi akiambiwa kwa simu "badilisha paswedi ya ruta", atabadili ipi? Mara nyingi hubadilishwa ile ya msimamizi kwa sababu ndiyo ukurasa unayoipigia kelele kwanza, na aliyekuwa akitumia waifai ya watu anaendelea kuitumia. Namba ya WPS nayo ni mtego wa peke yake. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua kwa nusu mbili na kwamba tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo majaribio yanayohitajika hayafiki milioni mia bali ni 11,000 hivi. Akiipata, mvamizi hukabidhiwa na ruta nenosiri linalotumika wakati huo, hata kama umelibadili asubuhi. Kwa bahati nzuri wasemaji wa Kiswahili tayari wanatenganisha namba ya siri na nenosiri. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, "namba ya siri" au "nambari ya siri" imekuwa ni tarakimu unazobonyeza kuidhinisha malipo, na hata bibi wa kijijini analijua hilo bila semina. Istilahi ya ruta ingetumia mgawanyo huo ulio tayari: namba ya siri kwa tarakimu za WPS, nenosiri la msimamizi kwa mlango wa mipangilio, nenosiri la waifai kwa kile cha wageni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wanasema nenosiri si neno: WPA2 inapokea hadi herufi 63, pamoja na nafasi, na wataalamu hushauri fungu la maneno badala ya neno moja. Je, si afadhali "kirai siri", au hata "sentensi ya siri"? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama "neno" katika Kiswahili lingekuwa ni kipande kile tu kinachotenganishwa na nafasi kwenye karatasi. Haliko hivyo. Mtu akikwambia "nina neno nawe", hutegemei atamke neno moja na kuondoka, jiandae kukaa. "Hana neno" maana yake hana shida. Neno kwetu ni kauli, ni jambo, na linaweza kurefuka kadiri ya mahitaji. Nenosiri lenye maneno matano halivunji kanuni yoyote ya lugha. Angalizo moja tu: watu wakiambiwa waandike kitu kirefu hukimbilia methali, nami naelewa kwa nini, kwani hazisahauliki. Lakini kinga dhidi ya kubahatisha haitokani na urefu peke yake. Anayebahatisha huanza na orodha za vitu vinavyojulikana, na methali ni mali ya kila mtu. "harakaharakahainabaraka" ina herufi 23 na ni nenosiri baya. "bata watano wamekodi bajaji usiku" halina maana, halimo kitabuni, na ukilisoma mara mbili umelishika.

Wengine watasema mjadala wote huu ni wa anasa, kwamba jirani akichota bando kidogo si kitu, na kwamba tovuti karibu zote sasa husimba mazungumzo yao zenyewe. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Benki yako na barua pepe yako hazitegemei ruta kwa usiri wake. Lakini kurudi kwenye WPA2: aliye na nenosiri lako, akiwa ndani ya masafa na akazinasa zile namba za kubahatisha simu yako inapojiunga, ana kila kinachohitajika kukokotoa ufunguo wa simu yako, kisha kuondoa ule usimbaji wa waifai na kuona unazungumza na nani, hata kama tovuti zimeficha unachozungumza. Pia amekwisha kuwa ndani ya mtandao mmoja na printa, kamera na ukurasa ule wa msimamizi wenye "admin". Bando ndilo dogo kuliko yote hapo.

Kuhusu nywila sina mengi. Baadhi ya kurasa za Tanzania huiandika, na wanaoipenda husema ni fupi. Programu za Google za Kiswahili zimeshika nenosiri, na wingi wake manenosiri, ambao kusema kweli unakwama kidogo mdomoni. Nimechagua nenosiri kwa sababu msomaji asiyewahi kuliona analielewa papo hapo, wakati nywila lazima aelezwe. Ninalipendelea pia kuliko "neno la siri" lililoachana, si kwa ubaya wake bali kwa sababu ya mkia: "neno la siri la waifai la ruta" lina la nyingi mno kwa maandishi ya kitufe.

Tofauti ninayoitetea inazidi kupanuka. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, imebadili namna simu na ruta zinavyothibitishana: nenosiri linatumika kuthibitisha kwamba pande zote mbili zinalijua, na funguo zinazotoka hapo haziwezi kukokotolewa na mtu aliyekaa pembeni akinasa, hata awe analijua nenosiri. Kwenye ruta ya namna hiyo kuliita nenosiri ufunguo ni kusema kinyume cha mfumo ulivyo. Anayetafsiri ukurasa wa mipangilio leo angeandika "Nenosiri la waifai" kwenye kisanduku cha kwanza na "Nenosiri la msimamizi" kwenye cha pili. Chini ya kitufe cha kuhifadhi angeongeza mstari mmoja wa onyo kwamba vifaa vyote vitatoka na vitahitaji kuunganishwa upya. Neno ufunguo lisingehitajika mahali popote kwenye ukurasa huo.