Kitabu Kilichobaki Mpwapwa

Siku hizi tunakutana na Wakristo wanaotuambia, "Mchungaji, mimi namfuata Yesu. Biblia ninayo, inanitosha. Kanisa sina haja nalo." Tusiwakemee kabla ya kuwasikiliza. Wengine hawakumkimbia Kristo, walitukimbia sisi. Mmoja alitueleza kwamba alipofiwa na mama yake, jambo la kwanza aliloulizwa na wazee wa usharika lilikuwa deni la ahadi. Tangu siku hiyo anasoma Maandiko nyumbani, usiku, peke yake. Je, njia hiyo yatosha? Historia ya Mpwapwa inatusaidia kujibu.

Zamani misafara iliyotoka pwani ilipumzika Mpwapwa na kuteka maji kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Mwaka 1876 wamisionari wa CMS, wakiwa njiani kwenda Buganda, walianzisha kituo hapa. Mmoja wa waliowafuata, Price, alitumia miaka mingi kutafsiri Maandiko kwa Cigogo, na Agano Jipya lote lilichapwa mwaka 1899. Hata hivyo hapakuwa bado na kasisi Mgogo hata mmoja. Watu walikuwa na Neno kwa lugha ya mama zao, lakini Meza ya Bwana ilingoja mikono ya mgeni.

Vita ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza waliokuwa katika koloni lao. Wa CMS walizuiliwa Kiboriani, katika milima iliyo jirani na mji wetu, kisha wakapelekwa Tabora. Hawakuwa huru mpaka jeshi la Wabelgiji lilipoingia Tabora Septemba 1916. Walimu Waafrika nao walishukiwa upelelezi, na baadhi yao walifungwa na kupigwa. Mengi ya yale tunayoyaita dini yaliondolewa. Kitabu kilibaki, pamoja na watu waliojua kukisoma.

Sisi Walutheri tunakiri kwamba Maandiko pekee ndiyo kipimo cha imani. Luther, alipokuwa ametengwa na Roma mwaka 1521, alijificha Wartburg akatafsiri Agano Jipya, likatoka Septemba 1522. Lakini hakulitafsiri ili kila mtu ajifungie chumbani na nakala yake. Alitaka Neno lihubiriwe, lisikiwe, liimbwe. "Maandiko pekee" si sawa na "mimi peke yangu".

Wakristo wa Ugogo hawakuhitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mahali ambapo wachache tu walijua kusoma, Kitabu hakikuweza kuwa mali ya mtu mmoja. Asiyejua kusoma ilibidi asomewe, na msomaji ilibidi awe na msikilizaji. Kanisa halikufa katika miaka ile. Mwaka 1921 Andrea Mwaka na Haruni Mbega, waliokuwa walimu, waliwekewa mikono kuwa makasisi. Mikono iliyokuwa imeshika Kitabu sasa ikamega mkate.

Basi tunajifunza mambo mawili. Kwanza, Kristo hawezi kufungwa pamoja na wachungaji. Neno lake hufika hata pale ambapo sisi hatupo, na hata pale ambapo tumeharibu. Pili, Neno hilohilo likifika halimwachi mtu peke yake, humtafutia ndugu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi Mkushi alikuwa akimsoma Isaya garini mwake, bila kuelewa. Filipo hakumshutumu kwa kusoma peke yake. Alikimbia, akapanda, akaketi naye, akaanzia pale pale alipokuwa anasoma.

Hiyo ndiyo kazi yetu kwa ndugu zetu walioondoka. Tusiende kwao na daftari la ahadi mkononi. Twende tukaombe radhi, kisha tuombe nafasi ya kuketi karibu nao, tusome pamoja pale walipofikia.