Galektini-3 na saitokini

Galektini-3 ni protini inayonata kwenye sukari zenye galaktosi zilizo juu ya seli na juu ya protini nyingine. Saitokini ni molekuli ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Vikikutana, habari inaweza kukwama njiani.

Mfano ulio wazi ni saitokini iitwayo intaferoni-gama. Seli T, ambazo ni seli za kinga, huimwaga ndani ya uvimbe wa saratani, nayo huziamuru seli jirani zitengeneze kemokini CXCL9 na CXCL10, zinazoita seli T nyingine. Lakini intaferoni hiyo imebeba minyororo ya sukari, na aina nyingi za saratani hutoa galektini-3 kwa wingi. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba galektini-3 huikamata kwa sukari hizo na kuizuia katika mtandao wa protini unaozunguka seli, kama samaki kwenye jarife. Wito haufiki mbali. Panya wenye uvimbe wa binadamu walipopewa kizuizi cha galektini, intaferoni hiyo ilienea zaidi ndani ya uvimbe, na kemokini CXCL9 nayo ikaongezeka. Matokeo yenye matumaini makubwa.

Cha kushangaza, sukari si sharti. Kemokini CXCL12 hushikwa na galektini-3 moja kwa moja, protini kwa protini, na uwezo wa kemokini hiyo wa kuvuta chembe nyeupe za damu hupungua.