Wasichana Wanne wa Wimbledon na Safari ya Mchezaji Chipukizi

Mwezi wa Julai 2022 wasichana wanne walikutana katika uwanja wa nyasi huko Wimbledon, London, kuwania ubingwa wa vijana wa tenisi kwa wachezaji wawili wawili. Upande mmoja wa wavu alikuwako Angella Okutoyi wa Kenya pamoja na mwenziwe Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwako Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Wakanada waliitwaa seti ya kwanza kwa 6-3, kisha wakaipoteza ya pili kwa 4-6. Seti ya tatu haikuchezwa kwa urefu wake wa kawaida, bali kwa alama kumi za kukata shauri. Na kwa kuwa mshindi sharti awe mbele kwa alama mbili, hesabu ilifika 11-9. Okutoyi na Nijkamp wakashinda, na Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza katika mashindano manne makuu ya tenisi duniani.

Huenda msomaji akauliza: mchezo huu, ambao aghalabu huhesabiwa kuwa wa watu wenye nafasi, unatuhusu nini sisi tufundishao Kiswahili huku Malawi, baina ya makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na mji wa Lilongwe? Unatuhusu kwa sababu maisha ya wawili kati ya wasichana hao yamefungamana na nchi zile zile walikotoka wengi wa wanafunzi wetu, yaani Burundi na Kongo. Tena, tukizifuata nyayo zao tangu viwanja vya watoto hadi mashindano ya kulipwa, tutaona waziwazi ni mambo gani humpandisha kijana, na ni mambo gani humzuia mwingine mwenye umri ule ule na mikono ile ile.

Okutoyi alizaliwa Nairobi mwezi wa Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua, na watoto wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya Loreto ya Valley Road. Familia iliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shule hiyo. Mjomba wa watoto hao alikuwa mwalimu wa tenisi, naye ndiye aliyewapa raketi walipokuwa na umri wa miaka minne hivi. Yafaa tulisite kidogo hapa. Mtoto wa mfagiaji hakuufikia uwanja kwa kununua uanachama wa klabu yoyote. Aliufikia kwa sababu kazi ya bibi yake ilimweka karibu na shule, na kazi ya mjomba wake ilimweka karibu na mchezo. Laiti mmoja kati ya wazee hao wawili asingalikuwapo, huenda habari hii isingaliandikwa.

Akiwa bado mtoto, Okutoyi alichaguliwa kwenda Bujumbura, ambako Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilikuwa na kituo cha kuwafunza chipukizi wa kanda yetu. Burundi, nchi ndogo kwa eneo, ilikuwa imejipatia sifa katika mchezo huu, na baadaye ikamtoa Sada Nahimana, aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye aliingia katika tenisi ya kulipwa. Lakini mwezi wa Aprili 2015 machafuko ya kisiasa yalizuka Bujumbura. Okutoyi alirudi Nairobi, akaendelea na mazoezi huko.

Machafuko hayo hayo ndiyo yaliyozihamisha familia nyingi za Warundi, na baadhi yao walifika hadi Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Basi mwaka mmoja, na sababu moja, ziliwatoa watoto katika mji mmoja. Aliyekuwa na kwao pa kurudi, tena kwenye amani, alirudi kwenye uwanja mwingine. Wale ambao Bujumbura ndiyo iliyokuwa kwao walishika njia ya kusini wasijue wataishia wapi.

Sasa tuitazame ngazi yenyewe, maana wanafunzi wengi hudhani kwamba mchezaji huonekana tu siku moja katika televisheni akiwa ameshapevuka. Mashindano ya kimataifa ya vijana hupokea wachezaji wa miaka 13 hadi 18. Kila shindano lina daraja lake, na kila ushindi una alama zake. Alama hujumlishwa, nazo ndizo zinazomfungulia kijana mlango wa shindano kubwa zaidi. Alama hizo hazipatikani kwa kukaa mahali pamoja. Leo mchezaji yuko Nairobi, wiki ijayo yuko Tunis, mwezi ujao yuko ng'ambo. Na kila safari ina nauli, malazi, mwalimu wa kufuatana naye, na viza. Mwaka 2021 Okutoyi alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika huko Tunisia. Mwezi wa Januari 2022, mjini Melbourne, alimshinda Federica Urgesi wa Italia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makuu ya vijana, kisha akashinda tena na kuingia raundi ya tatu. Miezi sita baadaye ikaja siku ile ya Wimbledon.

Baada ya ujana huanza ngazi ya pili, na hiyo ni kali zaidi. Shindano la chini kabisa la wanawake wa kulipwa lina zawadi ya dola 15,000 za Kimarekani kwa jumla, nazo hugawanywa kwa washiriki wote, hata anayetolewa mapema huenda asipate nauli ya kurudia. Ndiyo maana wengi hupitia vyuo vikuu vya Marekani, ambako mchezaji husoma, hula na hufanya mazoezi kwa gharama ya chuo. Okutoyi alishika njia hiyo mwaka 2023, alipojiunga na Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama. Mwezi wa Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, aliipatia Kenya medali ya dhahabu ya wanawake, mchezaji mmoja mmoja.

Je, na yule aliyeshindwa siku ile? Victoria Mboko alizaliwa mwaka 2006 huko Charlotte, Marekani, kwa wazazi waliohama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa sababu ya hali ya kisiasa. Akakulia Burlington, katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Ndugu zake wakubwa walicheza tenisi, naye akawafuata uwanjani. Baada ya ujana aliumia goti, na kwa muda ikaonekana kama nyota yake imefifia. Alipoanza mwaka 2025 alikuwa wa zaidi ya 300 katika orodha ya dunia. Kisha akashinda michezo 22 mfululizo katika mashindano yale madogo, bila kupoteza hata seti moja. Mwezi wa Agosti, mjini Montreal, akiwa na umri wa miaka 18, aliwashinda Coco Gauff na Elena Rybakina, na katika fainali akamshinda Naomi Osaka, 2-6, 6-4, 6-1. Wote watatu walikwisha kuwa mabingwa wa mashindano makuu. Aliingia shindano hilo kwa mwaliko wa waandalizi, kwani nafasi yake ya wakati ule haikutosha kumwingiza moja kwa moja. Neno mwaliko lisidharauliwe: hutolewa na wenye uwanja, nao kwa kawaida huwakumbuka kwanza watoto wa nchi yao.

Mtoto wa Wakongo alikuwa mtoto wa nchi yao. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Hapa Dzaleka Wakongo ndio wengi kuliko wote. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na jina lake husimuliwa kuwa ni kiapo cha mfungwa kwamba ataacha, hatarudia. (Kitenzi cha Kichewa ni kuleka, wanafunzi wa Kirundi hukitambua mara moja, maana kwao ni kureka.) Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, likiwemo la uhuru wa kutembea. Hivyo mkimbizi huhitaji kibali hata kwenda Lilongwe. Mwezi wa Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya wale wa Lilongwe, watoto wakiwa miongoni mwao. Ni mwaka ule ule ambao Okutoyi alianza masomo Alabama.

Lilongwe kuna viwanja vya tenisi, mathalani vile vya Lilongwe Golf Club. Mwalimu mzuri aweza kupatikana, na raketi kuukuu yaweza kuombwa. Ila ngazi niliyoieleza inaanza na hati ya kusafiria. Mkataba ule ule wa 1951, katika kifungu cha 28, unazungumzia hati za safari za wakimbizi. Lakini hati ni jambo moja, na ubalozi kuigongea viza kwa ajili ya mashindano ya wiki moja ni jambo jingine.

Nawasihi walimu wenzangu wawasomeshe wanafunzi habari hizi kama zilivyo, pamoja na msamiati wake: wavu, seti, raundi, kuanzisha mpira (tusije tukauita huduma), mwaliko, kibali, viza. Maneno matatu ya mwisho si ya uwanjani, lakini bila ya hayo matatu yale ya kwanza hayana kazi. Mtoto wa Kirundi aliyezaliwa mwaka 2015, mwaka wa machafuko, atatimiza miaka 13 mwaka 2028, na huo ndio umri wa kuanza kukusanya alama. Kabla ya hapo atahitaji kibali cha kilomita zisizofika 50.