Taa za angani: swali lenyewe ni lipi?

1/ Kila video ya taa zilizojipanga mstari juu ya Nakuru ikisambaa, mjadala ni ule ule: "Serikali inaficha kitu!" Mimi sinunui hiyo, na sababu yangu ni historia.

2/ Wazee walisimulia kwamba mvuke wa Menengai ni roho za wapiganaji Wamaasai walioangukia kreta katika vita vya karne ya 19. Leo mvuke huo huo unachimbiwa visima vya umeme. Mvuke ulikuwa wa kweli, maelezo ndiyo yalibadilika.

3/ Taa za mstari vilevile. Nyingi ni setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa 60 kwa mpigo Mei 2019. Sisi huku chini giza limeingia, zenyewe bado zinamulikwa na jua.

4/ Lakini usicheke ukapita. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Ilikuwa imetoka angani kweli. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo hulipa hasara.

5/ Kwa hivyo wanasiasa wakija kwa baraza, tuwaulize hili: ikianguka Njoro ama Bahati, nani atatufuatilia hayo malipo?